Sifa za Gugu Maji, Mfagizi wa Ziwa

Miongoni mwa watumishi wa Ziwa Victoria, gugu maji ndilo linalotukanwa kuliko wote na ndilo linalochapa kazi kuliko wote, bila mshahara, bila likizo na bila posho ya vikao. Asili yake ni bonde la mto Amazon, Amerika ya Kusini, na uzuri wa maua yake ya zambarau ndio uliolisafirisha duniani. Lilipoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 lilijikaribisha lenyewe, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limetanda Ghuba ya Winam kiasi cha kuzuia meli bandarini Kisumu na mitumbwi mialoni. Wenye hasira waliyaita hayo maafa. Mwenye haki angekumbuka kwamba sangara nao walihitaji mapumziko, na kwamba kambare na kamongo walistawi chini ya kivuli hicho.

Tena si kweli kwamba halikualikwa, kwa kuwa mito Nyando, Nzoia na Kagera huliandalia karamu kila msimu wa mvua, ikibeba kutoka mashambani udongo pamoja na naitrojeni na fosforasi, yaani virutubisho vya mbolea ambavyo mazao hayakuvimaliza. Gugu moja likinyanyuliwa majini, chini ya majani yanayong'aa na vikonyo vilivyovimba kwa hewa huonekana ndevu ndefu za mizizi myeusi zilizosheheni tope. Humo ndimo uchafu unamonaswa, bakteria wakaweka makazi na kuuvunjavunja, huku gugu lenyewe likifyonza virutubisho na hata metali nzito kama risasi na kadimiamu. Likishiba vizuri, huongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Wataalamu huita usafishaji huu wa maji kwa mimea fitoremidiesheni, na gugu huufanya bila kuhudhuria semina hata moja.

Doa lake ni moja, nalo si dogo: ni mfagizi asiyetoa taka nje. Likiachwa lizeeke huzama, huoza, humaliza oksijeni ya samaki na kurudisha majini kila lilichokusanya. Kwa hiyo utumishi wake hukamilika pale tu linapozuiliwa katika mabwawa ya kina kifupi, maji machafu ya shamba yakapitishwa humo polepole, na magugu yakavunwa mara kwa mara kabla hayajazeeka. Yaliyovunwa huwa mboji inayorudisha shambani fosforasi iliyokwisha kulipiwa dukani, au bayogesi yakichanganywa na samadi, ilhali vikonyo vikavu husukwa vikapu na viti, kama wafanyavyo mafundi wa Kisumu. Anayetaka kulilisha mifugo ni heri apime metali kwanza.

Shukrani liliyopewa ni fukusi wa jenasi ya Neochetina, majirani zake wa kwao Amerika ya Kusini, waliofunguliwa Uganda mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997 ili walitafune. Walilipunguza sana, lakini mbegu zake huweza kulala matopeni miaka 15 na zaidi zikingoja hasira zipoe. Wavunaji nao hulipa ada, kwani takriban asilimia 95 ya uzito wake ni maji, hivyo lori la tani 10 za magugu mabichi husafirisha tani 9 na nusu za ziwa, na anayeyaanika kwanza ufukweni ili kuokoa mafuta hulipa gugu lililobaki nafasi ya kuzaana nyuma ya mgongo wake.