Upupu Haupokei Shikamoo

Ninaandika nimesimama, maana kukaa bado ni mtihani. Juzi, katikati ya nyika ya Handeni, jua la saa saba likiwaka, nilivua suruali mbele ya bibi wa umri wa kumzaa mama yangu. Aliyeniamuru ni yeye.

Tulikwenda kutazama mimea ya nyikani: mibuyu, mishubiri, minyaa isiyo na majani ya kuonekana. Upupu haukuwa kwenye ratiba. Upepo ulipita tu, maganda makavu yakatikisika juu ya njia, na kola yangu ikapokea wageni.

Adui huyu lazima aelezwe vizuri. Ganda la upupu limevaa vinyweleo vya rangi ya dhahabu, laini kwa macho. Kila kimoja kinachoma ngozi na kuingiza kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho watafiti Shelley na Arthur walikieleza mwaka 1955. Kinakata protini, na ni cha ukoo mmoja na kile cha utomvu wa papai bichi ambacho mama zetu hulainishia nyama ngumu. Kumbe sikuwa nawashwa tu. Nilikuwa naandaliwa mishikaki! Tena muwasho wake haupiti njia ya histamini, ndiyo maana vidonge vya mzio nilivyopewa viliingia tumboni kutalii. Ukijikuna, unavizamisha. Ukijimwagia maji, unavisambaza. Na mbegu za mmea huohuo zina levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson: mmea unaomtuliza anayetetemeka ukanichezesha mimi bila ngoma.

"Shikamoo bibi," nilisema, mgongo nikiusugulia kwenye mbuyu.

"Marahaba, mjukuu wangu. Vua."

"Bibi, kuna wasichana hapa."

"Upupu haujui wasichana. Vua!"

Akachota majivu kwenye tanuri la mkaa lililopoa, akanipaka kuanzia shingo hadi kisigino, akakung'uta, akarudia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilikula peke yangu. Wa kwangu walikuwa pembeni wakirekodi. Bibi akanifunga kanga yake, akajitwisha kuni, akaondoka.

Mengine ni madogo. Mwenzetu alivunja tawi la mnyaa, utomvu ukamrukia jichoni, maji yote ya kunywa yakaishia hapo. Kondakta aliniita dada; nikaitika, mradi nipate siti.

Korogwe wenzangu wakataka picha kwenye shamba la mkonge. Kila kitabu kinasimulia jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyoagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62, na kutokana na hiyo Tanga ikafunikwa mkonge. Miche 62 tunaikumbuka kwa idadi. Manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali kuukata mkonge huo, hakuna anayewataja hata kwa majina, na namba walipewa wao.

Mkataji mmoja, mikono imebabuka kwa utomvu, aliyatazama majivu yangu akauliza kulikoni. Nikamsimulia, kwa mbwembwe zote.

"Wewe umewashwa leo tu, kaka," akasema, akaendelea kukata ncha za miiba na kufunga tita lake.

Wenzangu walikuwa wameshageuzia kamera kwenye milingoti ya maua. Sasa wanachangisha safari ya Lushoto, eti huko ni baridi na hakuna upupu. Jina langu walifute.