Utangulizi wa Elimumgongo: Uainishaji wa Vito Bandia kwa Kuvitazama Nyuma

Elimumgongo ni taaluma inayochunguza migongo ya mabizimu, hereni na mikufu ya bandia. Msingi wake ni kwamba uso wa pambo hutengenezwa kwa ajili ya mtazamaji, ilhali mgongo hutengenezwa kwa ajili ya mawakili na maofisa wa forodha. Hakuna chuo kikuu kilichoipa taaluma hii kiti, na wanaosikitika ni wafuasi wake tu. Vifaa vyake ni lenzi ya sonara na subira. Uwanja wake mkuu ni Marekani ya katikati ya karne ya 20, hasa New York na Providence, Rhode Island, mji ulioishi kwa kuchovya shaba na bati katika dhahabu nyembamba.

Nadharia yake ni moja: jina kubwa husema machache, na alama ndogo inayochosha macho ndiyo husema kweli.

Kwa nadharia hiyo mapambo hugawanywa katika ngeli tano. Tuanze na ngeli ya Wajitangazaji, maana ndiyo yenye kelele. Hawa wamegongwa jina la mtu. Mwenye bizimu la Miriam Haskell atakuapia kwamba Bi Haskell mwenyewe alilibuni. Elimumgongo humkumbusha kwa upole kwamba biashara hiyo ilianza New York mwaka 1926, kwamba mbunifu wake mkuu alikuwa Frank Hess, na kwamba jina liliendelea kugongwa baada ya wote wawili kuondoka. Tena kazi nyingi za miaka ya mwanzo hazina muhuri wowote. Mjuzi huzitambua kwa sahani ya shaba yenye matundu, ambapo shanga na lulu bandia zimefungwa kwa waya, moja moja, kwa mkono. Waya haujui kujisifu.

Kisa cha Eisenberg kinastahili aya yake. Hii ilikuwa kampuni ya nguo ya Chicago iliyopamba magauni yake kwa mabizimu ya kung'aa. Inasimuliwa kwamba wateja walinyofoa mabizimu na kuyaacha magauni yaning'inie dukani, mpaka kampuni ikaona bora iyauze mabizimu yenyewe. Taaluma yetu haijui muhuri mwingine ulioasisiwa na wezi. Kampuni ya Monet nayo ilianza kwa kutengeneza herufi za chuma za kubandika kwenye mikoba ya akina mama, kisha ikahamia shingoni na masikioni.

Ngeli ya pili, Wanasheria, ndiyo fahari ya elimu hii. Mwaka 1955 kampuni ya Trifari, ambayo nembo yake ilikuwa taji dogo juu ya herufi T, iliishtaki kampuni ya Charel huko New York kwa kunakili mapambo yake. Mahakama ikakubali kwamba hata pambo la bandia linaweza kulindwa kwa hakimiliki kama kazi ya sanaa. Tangu hapo alama ya © ikazagaa migongoni. Kabla yake watengenezaji walitegemea hataza za usanifu, wakigonga namba au maneno ya kusema maombi yamepelekwa. Namba ni hazina: ukiitafuta kwenye kumbukumbu za hataza za Marekani unapata mchoro, tarehe na jina la mtu. Kwa Trifari, jina hilo mara nyingi ni Alfred Philippe, na hapo hakuna ubishi. Lakini hataza nyingi za kampuni ya Coro zina jina la Adolph Katz, aliyekuwa msimamizi wa usanifu. Kalamu zilishikwa na wengine. Kwa hiyo iamini tarehe, na jina liulize maswali.

Wanasheria wana binamu yao, neno Sterling. Mwanagenzi akiliona hushangaa: fedha halisi kwenye bizimu la bandia! Sababu ni Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ya Marekani ilipozuia madini kama bati kutumika kwenye urembo ili yaende jeshini, watengenezaji walikimbilia fedha na kuichovya dhahabu. Ndiyo maana bizimu la enzi ya dhiki lina madini bora kuliko la enzi ya neema.

Wahamiaji ni ngeli ya wale waliobeba nchi badala ya jina, na mara nyingine nchi yenyewe imekufa. Chekoslovakia haipo tangu mwanzo wa 1993. Ujerumani Magharibi ilikuwepo kuanzia 1949 hadi 1990. Maneno yanayosema Japani iliyokaliwa hayakuwa na maana tena baada ya 1952. Baada ya vita, Wajerumani wa Jablonec waliofukuzwa Chekoslovakia walianzisha upya kazi yao ya kioo huko Bavaria, kwenye kitongoji walichokiita Neugablonz. Mihuri miwili ya nchi mbili inaweza basi kuwa ya familia moja.

Mabubu, yaani wasio na muhuri, ni wengi kuliko wote. Tunawaheshimu, tunapita.

Waongo wamebaki. Muhuri wa kampuni ya Weiss umegongwa kwenye vito vipya kabisa, na wanunuzi wamefurahi. Walio karibu nasi zaidi ni Waongo wa Nusu Kweli: cheni yenye 18K inayouzwa Kariakoo au Marikiti. Usiishie kwenye namba. Tazama herufi zinazofuata. GP ni ya kupakwa, GE ni ya kuchovya kwa umeme, GF ina tabaka nene kidogo. Yule fundi aliyetaka kukudanganya kwa namba alilazimika kukuungamia kwa herufi mbili. Na zisipokuwepo, usidhani umepona, mpelekee sonara.

Basi msomaji, ukiletewa bizimu, ligeuze kabla hujalisifu. Ukikuta © mgongoni, na muuzaji anaapa kwamba bibi yake alilivaa harusini mwaka 1935, mrudishie kwa adabu, umsalimie na bibi.