Ngeli za Majasusi: Utangulizi wa Elimu ya SpyParty

Katika taaluma changa ya kuchunguza wachezaji wa gemu za video, macho yote yameelekezwa kwa wenye vidole vyepesi: wafungaji wa FIFA, walengaji wa Call of Duty, na wale vijana wa vibandani wanaobonyeza vitufe vyote kwa mpigo na bado wanashinda. Makala haya yanahusu viumbe wengine. Yanahusu wachezaji wa SpyParty, gemu ya watu wawili ambayo wepesi wa vidole hausaidii sana, na ambayo kwa maoni ya mtafiti imenyimwa wachezaji bila kosa kubwa.

Aliyeibuni ni Chris Hecker, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi katika studio ya Maxis kwenye gemu ya Spore. Aliifinyanga miaka na miaka, na ilipofika kwenye duka la Steam mwaka 2018 ilikuwa bado jikoni. Uwanja wake ni tafrija ya wakubwa: ukumbi, balozi, mhudumu mwenye sinia la vinywaji, rafu za vitabu, sanamu za kutazama. Mchezaji mmoja ni jasusi aliyejichanganya na wageni wanaoendeshwa na kompyuta. Mwenzake ni mdunguaji aliye nje, anachungulia ndani, na bunduki yake ina risasi moja. Akimpiga jasusi, kashinda. Akimpiga mgeni asiye na hatia, kashindwa. Dakika zikiisha jasusi hajakamilisha kazi zake, mdunguaji kashinda kwa kukaa tu.

Msingi wa nadharia ni huu. Mwaka 1950 Alan Turing alipendekeza jaribio ambalo ndani yake mashine hujitahidi ionekane mtu. Hapa mtu ndiye anayejitahidi aonekane mashine, na wengi wetu tunafeli vibaya. Mgeni wa kompyuta huenda anakokwenda, akaongea, akanywa, akaondoka. Binadamu hupiga hatua mbili, akasita, akageuka, akakumbuka jambo. Kusita huko ndiko kunakomponza.

Majasusi wako wa ngeli tatu. Wa kwanza ni Jasusi Mwenye Haraka, ambaye anataka kumpachika balozi kinasa sauti kabla hata vinywaji havijazunguka. Mkono wake unaonekana ukinyooka kuelekea kwa balozi, na habari yake inaishia hapo. Wa pili ni Jasusi Mcha Mungu. Huyu kaogopa mno: anatoa kitabu, anakisoma, anakirudisha palepale, ilhali kazi aliyopewa hajaigusa. Hadunguliwi kamwe, wala hashindi.

Ngeli ya tatu, Jasusi wa Kawaida, ni adimu licha ya jina lake, nayo ndiyo inayostahili wino. Bunduki ya mdunguaji ina mwale wa leza, na jasusi anauona ukitambaa ukumbini, ukipita juu ya kichwa cha huyu, ukitulia kifuani kwa yule. Wageni wa kompyuta hawana habari nao. Mwale ukimtulia Jasusi wa Kawaida akiwa njiani kwenda kwenye sanamu, anaendelea kwenda kwenye sanamu. Halafu anafika kwenye kundi la maongezi na kumtamkia wakala mwenzake neno la siri, ambalo ni, msicheke, “mkate wa ndizi”. Neno hilo mdunguaji analisikia. Kila mgeni ambaye muda huo hakuwa kwenye maongezi ametakasika papo hapo. Waliobaki ni washukiwa. Jasusi wa Kawaida analijua hilo, na bado anasimama palepale akinywa kinywaji chake.

Wadunguaji nao wana Hakimu wa Sura, anayefyatua kwa sababu mtu “amekaa kijasusi”. Tusimjadili. Karani ni bora kidogo: gemu inaruhusu kuwamulika unaowashuku na kuwafifisha uliowaondoa kwenye orodha, naye huweka hesabu hizo kama daftari la mahudhurio. Juu yao wote yuko Shangazi. Shangazi ni yule anayetoka harusini akijua nani kaongea na nani mara ngapi, bila kuonekana akitazama. Moja ya kazi za jasusi ni kumtongoza mgeni fulani, jambo linalomlazimu kumrudia mtu yuleyule. Karani anaweza kupitiwa. Shangazi keshaona mara ya pili, na kidole kiko kwenye kifyatulio. Kwetu ngeli hii tunayo ya kumwaga, na watengeneza gemu wengi hawajawahi kuipa kazi.

Kwa nini basi wachezaji ni haba? Sababu hazihitaji nadharia. Gemu haichezeki kwenye simu, ambako ndiko tuliko wengi. Inataka kompyuta mbili na intaneti isiyokatika. Lugha yake ni Kiingereza. Na wakongwe waliobaki wamekolea: wanatambua mkono uliochelewa kidogo kuweka glasi. Mchezaji mgeni akiingia peke yake atadunguliwa jioni nzima asijue kwa nini, kisha ataifuta na kurudi kwenye mpira.

Kwa hiyo pendekezo la mtafiti ni moja: inunueni wawili wawili. Chagua mtu mnayelingana naye kwa ugeni, mpeane zamu, na anza wewe upande wa mdunguaji, maana hakuna atakayeweza kuwaigiza wageni wa kompyuta kabla hajakaa akawatazama.