Waacheni Watalii wa Venice

Wanaowacheka watalii wa Venice wana wivu tu. Mtu ameshuka stesheni saa nne asubuhi, saa kumi yuko njiani kurudi, na katikati amemaliza miaka elfu moja ya historia na aiskrimu mbili. Mwanachuoni gani ana kasi hiyo?

Katika Jumba la Doge, Tintoretto na mafundi wake walihangaika miaka kuchora Pepo, turubai lenye upana wa zaidi ya mita 20. Mgeni wetu huipa mgongo, akanyoosha simu, akatabasamu. Pepo yote, na malaika wake, ikaenea nyuma ya sikio lake la kushoto! Tintoretto mwenyewe hakuweza kuibana hivyo.

Na si wachoyo. Tangu 2024 jiji huwatoza wageni wa kutwa kuanzia euro 5 siku za msongamano, nao hulipa. Ni kama kipa mkono cha bwana harusi wa pwani, anayetoa ndipo amwone mkewe. Hawa nao hutoa. Kisha, kwa haya zao, wakageuza uso.