Kutoka 8 hadi 1: vitenzi vya Kiingereza vinavyotutega Masisi na Walikale

Mtu wa Masisi hashindwi na lugha. Asubuhi anamsalimia jirani kwa Kihunde au Kinyarwanda, sokoni anapatana bei kwa Kiswahili, shuleni anaandika kwa Kifaransa. Ndugu yake wa Walikale ana Kinyanga au Kikumu, na bado kichwani mwake mna nafasi. Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza nacho kinabisha hodi kwa nguvu zaidi. Basi huyu mwenye lugha tatu au nne anakuja kujikwaa kwenye sentensi ya maneno matano!

Sisi husema “nimemwomba aje”. Maneno mawili, na ndani yake wamekaa watu wawili kwa raha: aliyeomba na atakayekuja. Mwingereza anataka matano: “I asked him to come”. Kitenzi, kiwakilishi, “to”, kitenzi kingine. Tuvihesabu vitenzi vinavyotutega hapo kwa kushuka, kuanzia kilicho chepesi hadi kilicho sugu.

8. “Help”: mwenye moyo mwema

“Help me to push” ni sawa. “Help me push” ni sawa pia. Anayepandisha mlimani chukudu yenye magunia ya viazi hana pumzi ya sarufi, na “help” analijua hilo. Sharti lake ni moja: anayesaidiwa ni “me”, si “I”, ni “him”, si “he”. Kwetu “mimi” ni mimi, nikisukuma au nikisukumwa. Kiingereza kinakubadilisha nguo ukihama upande. Vaa, twende.

7. “Teach”: mahali pa kupumzika

“My grandmother taught me to make cheese.” Bibi alinifundisha kutengeneza jibini. Tazama zinavyotembea pamoja: “to” yao, “ku-” yetu, bega kwa bega. Huu ndio uwanda katika safari yetu ya milima, kwa hiyo kaa chini, kata kipande cha ile jibini ya mviringo ya Masisi, ule. Kuanzia hapa njia inapanda.

6. “Tell”: amri ya Shemwindo

Mwaka 1956 mtafiti Daniel Biebuyck alinakili utendi wa Mwindo kwa Wanyanga, kutoka kinywani mwa msimulizi Candi Rureke. Mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene wakauchapisha kwa Kiingereza. Walikale iliingia katika maktaba za Kiingereza zamani! Na kisa chenyewe kinaanza kwa muundo wetu huu: chifu Shemwindo anawaagiza wake zake saba wazae mabinti tu. “Shemwindo told his wives to bear only girls.” Wake zake wanakuja mara tu baada ya “told”. Anayesema “told to his wives” amekopa kiungo cha Kifaransa. Akirudishe kwa shukrani. Mwindo, mtoto wa chifu huyo, alizaliwa mvulana, akitembea na kuongea. Sarufi safi haimlazimishi mtoto kutii.

5. “Warn”: “not” mlangoni

Shemwindo akakimbilia kuzimu, mwana akamfuata. Huko binti Kahindo akamwonya Mwindo asikalie kiti atakachopewa na Muisa, baba yake Kahindo. “Kahindo warned him not to sit.” Kiswahili huificha “-si-” tumboni mwa kitenzi: asikae. Kiingereza huisimamisha “not” mbele ya “to” kama mlinzi mbele ya mlango. Usiandike “to don't sit”; mlinzi hakai sebuleni. Wala usimsogeze nje kabisa: “Kahindo didn't warn him to sit” ni habari nyingine, na kwa habari hiyo Mwindo angekaa, na hadithi ingeishia kwenye kiti.

4. “Ask”: mlango mmoja, vyumba viwili

Sisi tuna kuuliza na tuna kuomba. Mwingereza anaviweka vyote ndani ya “ask”, kisha anaviachia viungo vitofautishe. “I asked him if he was coming”: nilimuuliza kama anakuja. “I asked him to come”: nilimwomba aje. Ukikosea hapo, muuguzi uliyemwomba aje atakujibu “ndiyo” na kubaki amekaa. Amejibu swali lako vizuri kabisa! Basi shika hivi: “if” ni ya kuuliza, “to” ni ya kuomba.

3. “Let” na “make”: bariere bila “to”

Barabara zetu zina bariere za kutosha. Usiongeze nyingine ndani ya sentensi. “They let us pass.” Hakuna “to”. “They made us wait.” Hakuna “to”. Lakini “allow” na “force”, wenye maana jirani kabisa, wanaidai: “they allowed us to pass”, “they forced us to wait”. Na iko siri ya mwisho: ukigeuza “make” kuwa hali ya kutendwa, “to” inarudi mbio, “we were made to wait”. Mtu wa Walikale anaelewa haraka. Aliyesubirishwa siku nzima barabarani anajua kwamba kusubirishwa ni kurefu, hata neno huongezeka.

2. “Say” na “suggest”: wasioingia ngomani

“He said me to go” haipo. “She suggested me to rest” haipo. Wengi hulia hapa, na bure, maana Kiswahili kilishatufundisha. Hatusemi “alinisema niende”. Tunasema “aliniambia niende”. Kusema ni “say”, kuambia ni “tell”. Umeona? Ulikuwa nayo mfukoni tangu utotoni. “Suggest” ndiye anayenifurahisha zaidi, kwa sababu anasema karibu kama sisi: “I suggest that he rest”, napendekeza apumzike. Ile “rest” haina “s”, kwa kuwa tendo bado halijawa, linapendekezwa tu. Ndiyo kazi ileile ya “-e” yetu ya mwisho.

1. “Want”: mfalme wa mitego

“I want that you go.” Kosa hili ni letu kwa urithi wa pande mbili. Kifaransa kinatuvuta na “que” yake. Kiswahili kinatuvuta na “uende”, ambamo anayetakiwa kwenda ana “u-” yake mwenyewe, ni mtenda wa tendo lake. Kiingereza kinamwondoa kwenye tendo, kinamweka katikati ya sentensi kama kitu kinachotakiwa, ndipo kinamtuma: “I want you to go”. Ndiyo maana ulimi wetu unagoma. Umezoea kumwachia mtu tendo lake.

Basi tujifunze miundo yote miwili bila kupoteza mmoja. Wapo majirani zetu wa Masisi-kati na wa Walikale-kati walioacha nyumba zao kwa sababu ya vita. Mgeni mwenye daftari akifika na kuuliza kwa Kiingereza tunataka nini kwa ajili yao, mtu mmoja kati yetu amjibu bila kukwama: “We want them to go home.” Kisha awageukie wenyewe, awaambie kwa lugha ambamo wao ndio watenda: tunataka mrudi nyumbani.

Sentensi hizo mbili tuzifanyie mazoezi kila siku. Hizo zisikosewe hata herufi moja.