Namna ya Kuficha Mikwaruzo ya Gari Jeusi Bila Kumdanganya Mtu

Gari jeusi likiwa kivulini halina kasoro. Litoe nje saa sita mchana, jua lipige boneti, ndipo utaona vimikwaruzo vyembamba vimelizunguka jua duara zima, utando wa buibui mtupu, na ukisogea hatua moja utando nao unasogea. Muulize mwenye gari. Atakwambia limekuja hivyo hivyo kutoka Japani. Si kweli. Mikwaruzo mingi ya aina hiyo tumeitia wenyewe hapa hapa Dar es Salaam, kwa kitambaa kikavu na sponji yenye mchanga, huku tumekaa kwenye benchi tunakunywa soda, kisha tukatoa na hela ya kuoshewa.

Wenye Crown, Mark X na Harrier nyeusi, mwongozo huu ni wenu. Nawapenda, na magari yenu nayapenda, ndiyo maana nitasema wazi.

Kwanza elewa unaficha nini. Juu ya rangi kuna tabaka jingine lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia. Kwenye magari mengi yaliyotoka kiwandani, unene wa klia ni kama mikroni 35 hadi 50 hivi. Unywele wa kichwani mwako kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Hiyo klia ndiyo inayoipa rangi mng'ao, na ndiyo yenye dawa ya kuzuia jua lisiunguze rangi iliyo chini. Mikwaruzo imo humo. Inakwenda kila upande, ila jicho linaiona ile tu iliyoukatiza mwanga, ndiyo maana unaiona imejipanga duara kuzunguka jua au taa.

Kuiondoa machoni kuna njia mbili. Moja ni kuikata: fundi anachukua mashine na polishi kali, anaishusha klia mpaka afike chini ya mkwaruzo. Ikifanywa na anayejua, matokeo yake ni safi na mkwaruzo haurudi. Lakini klia iliyokatwa nayo hairudi. Njia ya pili ni kujaza: unapaka polishi laini yenye mafuta na unga laini sana wa madini, vinaingia kwenye mifereji ya mikwaruzo, na mwanga unapita bila kutawanyika. Mkwaruzo bado upo, ila hauonekani.

Wapo wanaoidharau polishi ya kujaza na kuiita ulaghai. Mimi naitetea. Gari la miaka kumi na tano lililokwisha kukatwa na mafundi watatu wasiofahamiana, nani anajua klia imebaki kiasi gani? Tazama paa za magari ya zamani yanayolala juani: klia imebanduka vipande vipande na rangi chini yake imefubaa. Hapo hakuna polishi itakayosaidia, ni kupiga rangi upya. Kama mikwaruzo yako ni ile ya kuonekana juani tu na kucha haikwami ukiipitisha juu yake, jaza. Klia iache ikulinde miaka mingine.

Na tafadhali, mkimbie fundi anayefunga sponji kwenye grainda ya kukatia chuma. Grainda ndogo inapiga mizunguko zaidi ya 10,000 kwa dakika. Mashine ya polishi kwa kawaida haifiki 4,000. Atakuunguzia klia kwenye kona za milango, na boneti itabaki na mawimbi yanayocheza juani. Utakuwa umelipa ili uongezewe mikwaruzo.

Sasa kazi yenyewe. Nusu yake ni kuosha, na hapo ndipo tunapoharibu. Sabuni ya unga ni ya nguo. Inaondoa ulinzi wote uliopakwa, na chembe zake zisipoyeyuka vizuri unazisugua juu ya klia. Tafuta shampuu ya gari. Chukua ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya maji matupu ya kusuuzia glovu ya kuoshea. Anza na paa, shuka chini, magurudumu yawe na kitambaa chao. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando. Mchanga wa Sinza haung'oki kwa kukung'utwa mara mbili kwenye goti.

Kama unaoshewa gari nje, usiwalaumu vijana. Wanaosha magari mengi kwa siku kwa malipo madogo, na kitambaa walicho nacho kimeshapita kwenye rimu za kila gari lililotangulia. Nenda na vitambaa vyako vya maikrofaiba. Sema, "Kaka, naomba utumie hivi, na usifute kabla hujamwaga maji ya kutosha." Mwongeze kidogo. Sijaona anayekataa.

Ukimaliza kuosha na kukausha, ingiza mkono kwenye mfuko laini wa plastiki na upitishe vidole juu ya boneti polepole. Utashangaa. Gari ulilodhani ni safi linakwaruza vidole: vumbi la breki, saruji ya majengo yanayojengwa, utomvu wa mwembe. Uchafu huu hautoki kwa shampuu. Unatolewa na klei, ule udongo maalumu unaouzwa vipande kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Lowanisha rangi kwa maji ya shampuu, telezesha klei bila kukandamiza, ikunje mara kwa mara upate upande safi. Ikianguka chini, itupe. Usiioshe, usiipe nafasi ya pili.

Kinyesi cha kunguru kina sura yake peke yake. Hawa kunguru wa India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na wakaenea pwani yote, hawajali gari ni la bei gani. Kinyesi kikikauka juani saa chache kinaila klia na kuacha doa lenye kingo. Kilowanishe kwa kitambaa chenye maji, subiri kilainike, kisha kinyanyue. Ukikikwangua kikavu unasugua rangi kwa punje za mchanga alizomeza ndege.

Baada ya klei, futa gari zima kwa alkoholi ya aisopropili iliyochanganywa na maji. Inaondoa mafuta na nta ya zamani, na kila kilichofichwa na mtu aliyekutangulia kinarudi hadharani. Wengi hukata tamaa hapa, kwa sababu gari linaonekana baya kuliko lilivyokuja. Usikate tamaa. Ndivyo lilivyokuwa muda wote.

Usivamie gari zima bado. Bandika katikati ya boneti tepu ya karatasi ya mafundi rangi, paka polishi upande mmoja, futa, bandua tepu, halafu mulika kwa tochi ya simu. Mwanga ukivuka mstari, upande mmoja una utando na mwingine umetulia. Kama huoni tofauti, polishi hiyo haijazi, au mikwaruzo yako imezama mno. Rudi dukani kabla hujapoteza siku nzima.

Matokeo yakikuridhisha, endelea. Fanya kazi kivulini, asubuhi mapema; weka kiganja juu ya boneti, na kama ina joto, subiri. Funika kwa tepu plastiki nyeusi na mipira ya madirisha, kwa sababu polishi ikikaukia hapo inaacha weupe unaokera kwa wiki nyingi. Matone manne kwenye sponji laini yanatosha kipande cha nusu mita kwa nusu mita. Ipitishe kwa kunyoosha, kisha kwa kukatiza, mpaka ibaki ukungu mwembamba. Futa kwa maikrofaiba safi, ukigeuza upande kila mara, na kwa mkono mwepesi. Kung'ang'ania kufuta ni kuyatoa mafuta uliyoyaweka.

Ukifika hapo, usirudie alkoholi. Nimeona watu makini kabisa wakiifuta tena rangi "iwe safi kabla ya silanti", yaani ule mpako wa ulinzi unaopakwa mwisho, na dakika hiyo hiyo utando wote unarudi. Alkoholi inatangulia polishi ya kujaza, haiifuati.

Silanti ndiyo mlinzi. Bila yake polishi ya kujaza inaondoka baada ya kuosha mara chache, na mvua za masika haziisubiri. Lakini soma maandishi ya chupa zote mbili kabla hujalipa. Silanti hushika vizuri kwenye rangi isiyo na mafuta, na polishi nyingi za kujaza zina mafuta. Zipo zilizotengenezwa zikubali silanti juu yake, na maelezo yake yanasema hivyo. Epuka silanti yenye kisafishaji ndani yake, kwa sababu itakomba ulichojaza huku ikijipaka. Mipako ya seramiki nayo inataka klia tupu, kwa hiyo ukiamua kwenda huko, sahau kujaza. Tafuta fundi wa kukata aliye na kipimo cha unene wa rangi.

Paka silanti nyembamba sana. Ukipaka nene huongezi ulinzi, unajiongezea jasho la kufuta. Subiri ikauke: pitisha kidole, kikiacha njia safi inayong'aa, futa. Kisha gari lisiguswe na maji kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ambao mara nyingi ni saa 12 au zaidi. Kwa hiyo tazama mawingu kabla hujaanza, na lilaze mahali pasipo na umande wala mwarobaini wenye kunguru.

Ukiosha kwa shampuu na maji mengi, mng'ao utadumu miezi kadhaa. Ukirudi kwenye sabuni ya unga na kitambaa cha jirani, utauona utando tena ndani ya mwezi, na wa safari hii una mikwaruzo mipya juu ya ile ya zamani. Vumbi la asubuhi nalo usilifute likiwa kavu kwa sababu tu una haraka ya kwenda harusini. Gari lenye vumbi litaoshwa kesho, lakini klia iliyokwaruzwa hairudi.

Jambo la mwisho ni la haki. Gari ni lako, ficha mikwaruzo upendavyo. Siku unapoliuza, mwambie mnunuzi kwamba rangi imejazwa, kwa sababu analipia kile anachokiona. Nawe unayekwenda yadi kununua, usiende jioni wala siku ya mvua. Nenda jua likiwa kali, chukua tochi, na umwombe muuzaji ruhusa ya kufuta kipande kidogo cha mlango kwa alkoholi yako. Akikubali, futa, mulika, kisha mpatane bei. Akikataa, mshukuru na uende yadi nyingine.