Kasha la Jumamosi

Ikifika Jumamosi, hakosekani baba mwenye nyumba jijini Dar es Salaam anayetangaza kwamba kasha la vitabu halinunuliwi, linagongwa. Mbao chache, misumari ya inchi mbili, nyundo ya kuazima. "Saa moja tu," anasema. Mkewe, aliyeyasikia hayo tangu enzi za banda la bata, anainjika chai bila kubisha.

Haki ya Mungu, kasha ni kazi nyepesi. Wauza nyanya huyapigilia yao shambani bila mchoro. Ila wao hawana kiburi. Bwana wetu hapimi mshazari, na kasha ambalo mishazari yake miwili hailingani limekwenda upande, hata mwenyewe aape. Kisha anapiga msumari ukingoni mwa ubao. Ubao, paa! Fundi seremala wa mtaani Keko angeigonga kwanza ncha ya msumari ibutuke, ivunje nyuzi za mbao badala ya kuzitanua. Lakini fundi wa Keko anataka hela.

Mbao zimekwisha, anabomoa paleti kuukuu. Paleti za mizigo ya nje hupigwa mhuri: HT ni mbao iliyopashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, MB imefukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu. Amechagua ya MB. Ina rangi nzuri, anasema.

Magharibi kasha limesimama, kwa kona tatu. Kuku ameshataga humo. Vitabu viko sakafuni.